Kiuno Kinarekebishika, Paja Halirekebishiki

Mwezi wa saba mwaka 2019, asubuhi ile ya baridi ya Dodoma ambayo mtu wa Dar ukimwambia haamini mpaka aje aione mwenyewe, nilikuwa Jamatini nimesimamisha bodaboda nipeleke mafuta ya alizeti kwa mteja wangu wa Kisasa, dumu la lita 5 mkononi, nikarusha mguu nikae, nikasikia krrrr. Sio mshono. Kitambaa chenyewe, paja la kulia kwa ndani, kimefunguka urefu wa kiganja. Nilikuwa na mtandio, nikaufunga kiunoni nikaenda hivohivo, mafuta yakafika, lakini njia nzima roho inaniuma kwa ile hela. Elfu 45 niliyolipa dukani miezi mitano nyuma, jinzi mpya kabisa, nyeusi, ya modo ile ya kubana, na muuzaji aliniapia kwamba hii dada yangu utaivaa mpaka uichoke mwenyewe.

Miezi mitano. Na wala sikuwa naivaa kila siku.

Naandika haya kwa sababu tangu siku ile jinzi nimezifuatilia kweli kweli, nimeuliza mafundi, nimeharibu nyingine mbili kwa kuzifua vibaya, na leo nina jinzi mbili tu za kazi, zote za mtumba (nguo, sio kule Mtumba kwenye mji wa Serikali), moja iko mwaka wa sita sasa na bado inaingia mzigoni siku tatu kwa wiki. Sisi watu wa kuzunguka, wa daladala na bodaboda na kubeba madumu, jinzi ni nguo ya kazi, hela inayopotea hapo ni hela ya mtaji, na inaniuma nikimwona mtu ananunua jinzi tatu kwa mwaka na zote tatu zinafia sehemu ileile.

Ile iliyochanika niliipeleka Majengo kwa fundi wangu, mzee mmoja wa Kigogo mwenye cherehani nyeusi ya kukanyaga, mtu asiyeongea sana. Nikamwamkia shikamoo baba, akaitikia marahaba mwanangu, akaipokea suruali bila kuuliza imechanikaje, akaigeuza ndani nje, akaitandaza mezani na kupitisha ukucha pembeni ya tundu. Akaniita nisogee. Kwenye ukingo wa lile tundu kulikuwa na vinyweleo vyeupe vyembamba sana, vimesimama vimejikunja, ukikivuta kimoja kinarefuka kama mpira halafu kinarudi.

"Unaona hivi? Huu ni mpira, ulishakatika zamani. Suruali haijachanika leo mwanangu, leo umesikia mlio tu."

Akaniuliza kiunoni ilikuwaje. Nikamwambia kiunoni ilikaa sawa kabisa. Na pajani? Hapo nikanyamaza kidogo, maana pajani ilikuwa imenig'ang'ania tangu siku ya kwanza, nilikuwa nikitaka kukaa chini nafikiria kwanza, na mimi nilichukulia kwamba modo ndio inavyotakiwa kuwa. Mzee akasema kitu ambacho mpaka leo ndio nanunulia jinzi: kiuno niletee nitapunguza, urefu niletee nitakata, lakini paja likiwa dogo kitambaa cha kuongezea nitakitoa wapi?

Ndio hivyo. Wengi tunaanza na kiuno kwa sababu kiuno ndio kina namba, mtu anakuuliza unavaa ngapi unajibu 32, basi mnatafuta 32. Namba haijui chochote kuhusu makalio yako wala mapaja yako. Dada wawili wa kiuno 32 wanaweza kuwa na mapaja tofauti kabisa, na jinzi ileile mmoja ikamkaa miaka minne mwenzake ikamchanikia ndani ya miezi minne, na wala sio uchawi wala bahati, ni kitambaa tu kinavutwa.

Ili uelewe kwa nini inachanika pale pale angalia kitambaa chenyewe kwa karibu. Jinzi ya kawaida inafumwa kwa nyuzi za wima zilizotiwa rangi ya buluu na nyuzi za mlalo ambazo ni nyeupe, kila uzi wa wima unaruka nyuzi 3 za mlalo halafu unazama chini ya mmoja, ndio maana nje ni buluu, ndani ni nyeupe nyeupe, na ukikaza macho unaona ile mistari imekaa mshazari. Na hiyo buluu haijaingia mpaka katikati ya uzi, imekaa juu juu, chomoa uzi mmoja kwenye pindo ukate na wembe utaona moyo wake mweupe. Kwa hiyo sehemu yoyote inayosuguliwa inaanza kupauka, ikipauka inaota manyoya manyoya, kisha nyuzi za wima zinaanza kukatika, unabaki na zile nyeupe za mlalo zimejipanga kama ngazi, na siku moja unarusha mguu juu ya bodaboda. Wenye mapaja yanayokutana, na ni wengi wetu, kila hatua ni msuguano. Sasa kama kitambaa kiko huru kidogo kinasuguliwa tu, lakini kama kimebana kinasuguliwa huku kinavutwa, hicho hakifiki mbali.

Ule mpira nao una habari yake. Kwenye lebo ya ndani unaandikwa elastane au spandex, wengine wanaita Lycra ambalo ni jina la biashara, na aliyeutengeneza ni mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont ya Marekani mwaka 1958. Sio adui. Jinzi yenye pamba asilimia 98 na mpira 2 inakaa vizuri mwilini, inakufuata ukichuchumaa, mimi moja ya zile mbili zangu ni ya hivyo. Shida yangu ni hizi nyepesi ambazo ukiisoma lebo pamba ni sabini na kitu, iliyobaki poliesta na mpira, ukiishika mkononi ni kama taiti iliyopakwa rangi ya jinzi. Ile inakudanganya dukani, maana inavutika inaingia kwa kila mtu, unatoka nayo unaona imekukaa, kumbe imekaa kwa kunyooka na sio kwa kutosha. Kwa mtu wa bodaboda nasema bila kusita tafuta pamba 100, au 99 kwa 1. Itakuwa ngumu wiki ya kwanza, inakukwaruza magotini, vumilia, italegea yenyewe. Ila italegea kiunoni na magotini zaidi, usinunue ya paja dogo kwa matumaini kwamba paja litakuja kufunguka.

Na hii biashara ya mteja na fundi ndio iliyozaa jinzi yenyewe, hili nilipolijua nilifurahi sana. Kulikuwa na fundi cherehani anaitwa Jacob Davis, mzaliwa wa Latvia, alikuwa na kibanda chake Reno kule jimbo la Nevada, akaja mama mmoja anataka suruali imara ya mume wake mkata kuni kwa sababu zote zinachanika. Davis akachukua ribiti za shaba akazigonga kwenye pembe za mifuko na sehemu zinazovutwa sana. Zikapendwa, akamwandikia aliyekuwa anamuuzia vitambaa, Levi Strauss wa San Francisco, wakachukua hataza, yaani haki ya mvumbuzi, pamoja tarehe 20 Mei 1873. Vile viduara vya shaba unavyoviona leo kwenye mfuko wako ndio hivyo. Yaani ilianza na mama amechoka kununua suruali zinazochanika.

Sasa tuje Sabasaba, soko letu hapa Dodoma. Mimi jinzi nanunua Sabasaba, siku ya mzigo mpya, mapema kabla jua halijawa kali, na naenda nimevaa dera na ndani yake taiti nyepesi, maana pale hakuna chumba cha kujaribia na jinzi isiyojaribiwa mimi siichukui hata iwe elfu 3. Unapandisha dera kidogo, unavaa palepale juu ya taiti, hakuna anayekushangaa, wakina mama wote pale wanafanya hivyo na wenye meza wanatukingia khanga wakiona umeshikilia kitu cha maana. Kwenye pochi nina futi ya fundi. Nyumbani niliitandaza kitandani ile jinzi inayonikaa vizuri kuliko zote nikaipima ikiwa imelala: paja, chini kidogo ya pale miguu inapoachana, inchi 12 na nusu, kutoka pale miguu inapoachana mpaka juu ya kiuno kwa mbele inchi 11. Namba hizo mbili nimeziandika kwenye simu. Nikiona jinzi mezani naanza na paja, likiwa 11 naiacha hata kama rangi inaniita kwa jina.

Ile ya kuzungushia kiuno cha suruali shingoni kila mtu anaijua, ncha zikikutana nyuma basi inakutosha. Inasaidia kwa kiuno, kiasi, mimi naifanya nikiwa na haraka. Makalio na mapaja shingo haiyajui.

Mtumba una faida moja ambayo duka halina, ile nguo imeshafuliwa kule ilikotoka, kama ni kurudi imesharudi, kama ni kulegea imeshalegea, unachokipima ndio unachokwenda kukivaa. Lakini imeshavaliwa pia, kwa hiyo unachonunua ni maisha yaliyobaki. Igeuze ndani nje, ingiza mkono kwenye paja, inua juu uelekeze kwenye jua pale katikati ya miguu. Jua la Dodoma halifichi kitu, kama kitambaa kimechoka utaona mwanga unapenya kama kwenye chekeche, na kidole chako kinaonekana upande wa pili. Weka chini, hata muuzaji akisema daraja la kwanza. Angalia kama kuna vile vinyweleo vyeupe vya mpira, vikiwepo hata kidogo nayo imekwisha. Vuta mshono wa ndani ya paja kwa mikono miwili, ukisikia unatatarika uzi umeoza. Pandisha na kushusha zipu mara tatu. Mambo ya kifungo au pindo lililochoka yasikukoseshe nguo nzuri, hizo ni elfu moja moja za fundi.

Ukishavaa usijitazame tu kwenye kile kioo kidogo, isome mikunjo. Mistari inayotoka katikati ya miguu ikienda kwenye nyonga kama sharubu za paka inasema hapa nyonga imebana. Mifuko ya mbele ikifunguka imesimama pembeni, ni hivyohivyo. Mikunjo ya mlalo chini ya makalio, paja dogo. Kitambaa kikijaa chini ya makalio kimelala kama kimevuja, ni kubwa. Halafu chuchumaa kabisa, sio kuinama, chuchumaa kama unakuna nazi, simama, inua mguu mmoja kama unapanda pikipiki, tembea hatua kumi. Ukikaa kiuno kikashuka nyuma mpaka upepo unaingia, huo urefu wa kutoka miguu inapoachana mpaka kiunoni haukutoshi, na huo fundi hawezi kuuongeza.

Ila kiuno kikikuachia mwanya nyuma huku mapaja na makalio yamekaa sawa, chukua! Hilo nalisema kwa herufi kubwa kwa wenzangu wenye kiuno chembamba na nyonga pana. Ule mwanya umetutesa miaka, tunakaza mkanda mpaka jinzi inajikunja nyuma kama mfuko wa rambo, au tunanunua ndogo ili kiuno kikae na mapaja yanalipa. Fundi anafungua mkanda wa kiuno katikati nyuma, anapunguza kwa kufuata mshono wa makalio, anarudishia, mwambie akushonee kwa uzi wa rangi ileile na sindano nene, namba 16 kwenda juu, sio ile ya kushonea gauni. Inchi moja na nusu mpaka mbili inakaa vizuri. Zaidi ya hapo mifuko ya nyuma inaanza kusogeleana na umbo linaharibika. Majengo mimi natozwa elfu 3.

Na jinzi kuvaliwa chini ya kiuno ndio uharibifu mwingine. Mdogo wangu wa kiume ni mtu wa mlegezo, kata K, na jinzi zake zilikuwa zinaachia katikati ya miguu pale kwenye makutano ya mishono minne, kila mara, nikadhani anazinunua mbovu. Kumbe akiishusha yale makutano yanakuja kukaa katikati ya mapaja, kila hatua kubwa miguu inayapanua. Nilimwonyesha kwa mikono, sikumwambia aache fasheni yake, nilimwambia kama unataka kuvaa chini chukua iliyokatwa pana kabisa mapajani, bwanga, uwe na nafasi. Amefanya hivyo na zinadumu.

Kufua. Hapa ndio nina maneno mengi, kwa sababu jinzi mbili za kwanza baada ya ile ya Jamatini sikuzichana, nilizifua mpaka zikafa.

Mtandaoni utakuta watu wanakwambia usifue jinzi kabisa. Mwaka 2014 mkuu wa Levi's wakati huo, Chip Bergh, alisema hadharani kwamba jinzi aliyovaa haijaingia kwenye mashine mwaka mzima, na dunia nzima ikalishika hilo neno. Anaweza kuwa sahihi kwake. Hapa kwetu kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi na moja upepo unavuma na vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye sukari, na vumbi lile ni mchanga laini, likikaa kati ya nyuzi kila ukitembea linasaga uzi kama msasa. Weka na jasho la kukaa kwenye pikipiki saa nane mchana. Jinzi isiyofuliwa mwaka mzima Dodoma itaoza. Na wale wanaoiweka kwenye friji usiku ili kuua vijidudu, vijidudu vingi vinalala tu kwenye baridi, ukiivaa vinaamka, na jasho na vumbi havijatoka.

Ninachofanya mimi, nikirudi naivua naigeuza ndani nje, naikung'uta nje ya mlango kwa nguvu kweli, vumbi linatoka moshi mwekundu, mifuko nayo naigeuza maana mchanga unajaa kule kwenye kona. Naitundika kwenye upepo usiku. Kesho yake haivaliwi, inavaliwa mwenzake. Kwa utaratibu huo kila moja naifua baada ya kuivaa mara sita saba, kipindi cha vumbi mara nne tano. Ikipata doa nafuta doa peke yake.

Halafu kuna maji. Aliyekaa Dodoma anajua, maji yetu mengi ni ya visima, yanavutwa huko Mzakwe bonde la Makutupora, na ni maji magumu, angalia birika lako la chai ndani, ule ukoko mweupe ndio kalsiamu na magnesiamu hizo. Ukifulia sabuni ya mche kwenye maji haya povu halitoki, unasugua unasugua, na badala ya povu unapata mabonge meupe yanaelea. Yale mabonge ni sabuni iliyoshikana na ile kalsiamu, na hayaishii kwenye beseni, yanaingia kwenye kitambaa. Mimi nilikuwa nadhani jinzi yangu imekuwa ngumu kama ubao kwa sababu ya jua. Ilikuwa imejaa sabuni iliyoganda, rangi imekuwa kijivu, na ukiikunja inapasuka ule utando kwenye mikunjo, hapohapo ndio uzi unakatikia. Sikujua, nikaongeza sabuni na kuongeza burashi. Ndio nilivyoziua mbili.

Kwa maji haya sabuni ya unga au ya maji inafanya kazi vizuri kuliko mche, lakini iyeyushe kwanza kwenye beseni mpaka isionekane punje, usimwage unga juu ya jinzi, unaacha madoa meupe. Kidogo tu, kijiko kimoja na nusu cha chakula kwa beseni ya jinzi moja. Funga zipu na kifungo, geuza ndani nje, maji ya baridi, loweka nusu saa. Sio usiku kucha! Mama zetu walituambia loweka usiku kucha lakini walikuwa wanasema sare za shule za khaki, jinzi ukiilowesha usiku kucha asubuhi maji ni wino. Kamua kwa kubonyeza, burashi weka mbali, kama kuna sehemu chafu sana suguliana kitambaa kwa kitambaa kwa mikono. Suuza maji mawili, na kwenye ndoo ya mwisho natia siki vijiko vitatu vya chakula, ile siki nyeupe ya kachumbari, inayeyusha ule utando wa sabuni na jinzi inarudi kuwa laini, harufu inaondoka ikikauka. Tahadhari moja kubwa, siki na Jik zisikutane kamwe kwenye beseni moja, zinatoa gesi ya sumu. Na kwa jinzi Jik haina kazi yoyote, inakula rangi na inakula pamba yenyewe.

Kipindi cha mvua, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, nakinga maji ya bati kwenye pipa, hayo ndio maji ya kufulia jinzi, mche unatoa povu mpaka raha na siki haihitajiki.

Chumvi ya kushika rangi achana nayo. Nimewahi kulowesha jinzi mpya kwenye chumvi kwa kuambiwa inafunga rangi, ikaendelea kuchuja kama kawaida. Ile buluu ni indigo, haiyeyuki kwenye maji, imejibandika tu juu ya uzi, hakuna chumvi ya kuifunga. Dawa ni kuifua peke yake mara mbili tatu za kwanza na kutoisugua, na mwezi wa kwanza usikalie kiti cheupe cha mtu.

Kuanika ndio rahisi kuliko vyote na ndio tunakokosea. Mji wetu uko juu, kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, jua ni kali na hewa ni kavu, sasa unaanikia juani kitu gani wakati kivulini na huu upepo jinzi inakauka kabla hujamaliza kupika maharage? Usiikamue kwa kuinyonga, ule mnyongo unavunja mpira ndani. Ikung'ute, itundike kwa kiuno, ndani nje, kivulini. Pasi kama lazima basi ya moto mdogo, kwa ndani, na pasi ya mkaa usiiweke kabisa juu ya jinzi yenye mpira, joto linaupika mpira na magoti yanabaki yamevimba hata ukisimama.

Kwenye kuvaa kuna tabia mbili tatu nilizoziacha. Kuivuta jinzi juu kwa kushika vile vishikizo vya mkanda, vinang'oka na kitambaa chake, shika mkanda wa kiuno wenyewe kwa mikono miwili. Simu mfuko wa nyuma, ukikaa inatoboa kona. Na kwenye bodaboda nashuka kwa kuinua mguu, sio kuburuta paja juu ya siti.

La mwisho ni kiraka, na kiraka kina wakati wake. Kila mwezi nageuza jinzi ndani nje naangalia mapaja, zikianza manyoya tu, kabla tundu halijafunguka, naenda Majengo. Kiraka kinawekwa kwa ndani, kitambaa chembamba cha jinzi ya zamani, kikubwa kuliko eneo lililochoka kila upande, ili kingo zishike kwenye kitambaa kizima, maana ukishonea kwenye kitambaa kilichochoka kinachanika pembeni ya kiraka wiki ijayo. Halafu fundi anapita na cherehani kwenda na kurudi, mistari imekaribiana, kwa uzi wa buluu. Kwa nje huoni kitu mpaka uinamie. Hiyo ni elfu 2 na inaongeza mwaka na zaidi. Tundu likishafunguka kazi inakuwa mara tatu na haifichiki.

Yule mzee hatupi mguu wa jinzi hata mmoja, anavyo kwenye gunia chini ya meza. Mara ya mwisho nilipopeleka ile ya mwaka wa sita, paja la kushoto lilikuwa limeanza, alichakura gunia akatoa kipande cheusi, akanikazia macho akisubiri nikitambue. Kilikuwa cha ile ya elfu 45, sehemu ya chini ya mguu, kuanzia goti kwenda chini, ambako haikuwahi kusuguliwa, kizima kama kipya. Nikamwambia baba, hiki si kina mpira? Akasema kidogo, huku chini haujakatika, utakufuata ukipanda pikipiki. Akakikata akakishona. Jumamosi narudi tena kwake, kifungo kimeanza kucheza.